UZI: Ripoti ya afisa wa watoto, kutoka Freretown hadi Garsen

Wadau, kaeni vizuri, huu uzi ni mrefu kidogo.

Kwenye siasa za watoto kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema: "Serikali inawanyang'anya maskini watoto wao." Ya pili inasema: "Serikali imelala, watoto wanaharibiwa na hakuna anayeshtuka." Jukwaani zote mbili hupigiwa makofi, wakati mwingine na umati ule ule. Sitataja mtu wala chama, maana mabishano haya ni mazee kuliko vyama vyenyewe.

Ninachotaka tukiangalie ni kitu ambacho kambi zote mbili hukiruka. Kabla mtoto hajaondolewa nyumbani, au kuachwa pale pale, kuna mtu aliyekwenda, akakaa kwenye kigoda, akauliza maswali, akaandika. Kwetu Kenya anaitwa afisa wa watoto. Alichoandika ndicho hakimu atakachosoma. Sasa, huyu mtu alifundishwa kutazama nini? Na nani aliamua?

Tutafika Tana River, hasa Garsen na delta yake, kwa sababu kule fomu ya serikali inakutana na maisha ambayo aliyeitunga hakuyawazia. Lakini tuanze mbali.

Mtoto asiye na baba pwani hii hakuwa na haja ya kufanyiwa tathmini. Alikuwa na mjomba, alikuwa na bibi, na kikao cha ukoo kiliamua atalala wapi. Si kwamba kikao hicho kilikuwa cha haki siku zote (mtoto wa kike hakuulizwa chochote), ila kilikuwepo. Makao ya kwanza ya aina tunayoijua leo yalikuja na Freretown, karibu na Mombasa, mwaka 1875. Wamishonari wa CMS waliwapokea watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, watoto wakiwemo. Wengi walikuwa wametolewa bara ya mbali, hadi pande za Ziwa Nyasa. Hapakuwa na ukoo wa kuwarudishia.

Shika hapo. Mfumo wa makao ulianza kwa ajili ya mtoto asiye na mtu. Baadaye mfumo ule ule ukaletwa kwa mtoto mwenye bibi, shangazi wawili na wajomba watano, ambaye tatizo lake ni kwamba hao wote hawana kitu.

Tuendelee.

Serikali ya mkoloni haikuanza kwa huruma. Kilichoikera ni watoto wa Kiafrika waliozagaa mijini bila kazi na bila baba wa kuonekana. Sheria ya Watoto ya 1934 ilizaliwa katika hofu hiyo, na shule ya kurekebisha tabia pale Kabete ilikuwa tayari ipo. Mwaka 1943 ikaja sheria ya probesheni, na hapa ndipo tunapoanza kumwona mtu wetu: afisa anayetumwa na mahakama kwenda kuchunguza nyumba ya mkosaji na kurudi na ripoti. Hali ya nyumbani, tabia ya wazazi, kazi ya baba, majirani wanasema nini. Kumbuka kilichokuwa kinachunguzwa: nyumba ya mkosaji. Jicho la kwanza la ripoti lilikuwa jicho la kutafuta kosa.

Halafu 1963, mwaka wa uhuru wenyewe, tukapata Sheria ya Watoto na Vijana, Sura ya 141. Ilizungumzia mtoto anayehitaji "ulinzi au nidhamu". Soma tena: ulinzi AU nidhamu. Mtoto aliyepigwa na mtoto aliyeiba waliingia kikapu kimoja. Matokeo yake ni kwamba kwa miongo karibu minne, mtoto aliyetupwa na mtoto aliyeshtakiwa wangeweza kulala katika rumande moja. Mwaka 1997 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto wa mitaani Kenya walivyokamatwa na kufungiwa. Hakuna aliyejifanya kushangaa sana.

Kwa hiyo mzee wa Tarasaa anapomwona afisa wa watoto na kudhani ni aina fulani ya polisi, usimcheke. Kwa historia ya sheria, hakukosea sana.

Sasa ng'ambo kidogo, kisha turudi haraka.

Kazi ya kutathmini familia kitaalamu ilianza kuandikwa Marekani. Mwaka 1917 Mary Richmond alitoa kitabu chake Social Diagnosis, akifundisha wafanyakazi wa ustawi wakusanye ushahidi kutoka kwa ndugu, shule, daktari na mwajiri kabla ya kutoa uamuzi. Wazo zuri. Kasoro yake ni kwamba mtu wa kati alikuwa akikagua nyumba ya mtu wa chini, na mara nyingi usafi wa sakafu ulihesabiwa kama usafi wa roho.

Uingereza walijifunza kwa uchungu. Januari 1973 mtoto wa miaka saba, Maria Colwell, aliuawa na baba wa kambo baada ya kutolewa kwa walezi na kurudishwa kwa mama yake. Watu wengi wa idara tofauti walikuwa wanaijua nyumba ile. Tume ya 1974 ilionyesha kwamba kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari na hakuna aliyeviunganisha. Mwaka 2000 wakatoa mwongozo mpya unaochorwa kama pembetatu: upande mmoja mahitaji ya ukuaji wa mtoto, wa pili uwezo wa mzazi, wa tatu familia pana na mazingira. Mtoto yuko katikati.

Pembetatu hiyo imesafiri dunia nzima, nasi ni miongoni mwa walioazima fikra zake. Mimi naipenda kwa sababu moja: inakulazimisha kutenganisha "mzazi hawezi" na "mzazi hana". Hayo ni mambo mawili.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, lakini sheria yenyewe ilisubiri hadi 2001 na kuanza kutumika Machi 2002. Ilifanya jambo kubwa: ikamtenga mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi na mtoto aliyekosana na sheria. Kikapu kikagawanywa. Ikaweka pia orodha ya ni nani anahitaji ulinzi: anayeombaomba, asiye na mlezi, aliye hatarini kukeketwa au kuozwa mapema, anayekaa katika makazi yaliyosongamana au machafu au ya hatari, aliyehamishwa na vita, ghasia au majanga ya asili.

Na hapo ndipo tunapoingia Garsen.

Kaunti ya Tana River ni kubwa kuliko nchi ya Rwanda, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 tu. Mto ndio uti wa mgongo. Wapokomo wanalima kingoni, Waorma na Wardei wanafuga, na mifugo lazima ishuke deltani kiangazi kikikaza. Mvua kubwa ya milima ikinyesha na mabwawa ya juu yakajaa, maji huja. Yalikuja 1961, yakaja na El Niño ya 1997, yakaja 2018, yakaja mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Vijiji vizima huhamia kwenye miinuko na kando ya barabara.

Chukua orodha ile ya 2001 nenda nayo kambini kando ya barabara ya Minjila siku ya mafuriko. Watu wanane chini ya turubai moja: makazi yamesongamana, tiki. Maji machafu: tiki. Kuhamishwa na janga la asili: tiki. Watoto hawaendi shule kwa sababu shule imo majini: tiki. Kwa karatasi, nusu ya delta inahitaji ulinzi wa mahakama. Ni kweli sheria haikusema watoto hao waondolewe, hakimu alikuwa na njia nyingine, ikiwemo kumwacha mtoto kwa mzazi chini ya uangalizi. Lakini nieleweni ninachosema: orodha haikuweza peke yake kutofautisha mama aliyeshindwa na mama aliyefurikiwa.

Tofauti hiyo ilibaki kwa afisa.

Afisa mzuri anauliza nini kambini? Haanzi na turubai. Anauliza kabla ya maji mlikuwa mnaishi vipi. Anaomba kitabu cha kliniki aone uzito wa mtoto ulivyopanda na kushuka, na lini ulishuka. Anatazama kama mtoto akilia anamkimbilia nani. Anauliza usiku wasichana wanakwenda haja wapi na wanasindikizwa na nani. Mama yuko wapi? Amevuka na mtumbwi kwenda kuokoa mahindi upande wa pili. Nani anajua atarudi lini? Watoto wamebaki na nani, na huyo aliyebaki nao ana umri gani? Majibu ya maswali hayo yanaeleza uwezo wa mzazi kuliko picha mia za turubai.

Sasa vuka uende kwa wafugaji. Mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Mtoto wa miaka kumi na mbili ameondoka na ng'ombe, yuko na kaka na binamu, hajamwona baba miezi minne. Mtu wa Nairobi ataandika "ametelekezwa". Mfugaji atakuambia yuko kazini na watu wake, anakunywa maziwa, hapa kijijini hakuna maziwa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Kuna mtoto aliye na ukoo wake anayehitaji tu shule inayomfuata, na kuna mtoto aliyekodishwa kwa mwenye mifugo asiye ndugu, halipwi, analala njaa. Ukiwa barabarani hutawatofautisha. Kinachowatofautisha ni swali la nani anawajibika kwake leo usiku, na swali hilo huwezi kuliuliza kwa simu.

Na sasa upande wa pili wa jambo, ambao kambi ya "wanatunyang'anya watoto" haupendi kuusikia.

Chukua nyumba nyingine, ya mfano. Bati jipya, ua umefagiwa, mbuzi wamo zizini, baba anaheshimiwa, kahawa inaletwa kwenye sinia. Msichana wa miaka kumi na minne ana mimba. Wazee wameshakaa, familia mbili zimekubaliana, ng'ombe wametajwa, maslaha yamekwisha. Kila mtu ana amani isipokuwa mmoja. Kwa jicho la sakafu safi, nyumba hii imefaulu. Kwa sheria, tangu Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kesi ya aina hii si mali ya familia kuifuta. Uamuzi wa kuiachilia uko kwa upande wa mashtaka. Gasa ya Wapokomo na Matadheda ya Waorma zimefanya kazi kubwa ya kusuluhisha mambo ya malisho na maji, tena kazi ambayo serikali ilishindwa. Lakini mtoto si malisho.

Hapa ndipo kanuni ya kumsikiliza mtoto peke yake inapokutana na ukweli wa kijiji. Peke yake wapi? Chini ya mwembe, mbele ya macho arobaini? Chifu ameketi, mzee wa kijiji ameketi, na anayetafsiri kutoka Kiorma kwenda Kiswahili ni ami yake msichana. Ripoti itaandikwa "mtoto amesema hana malalamiko." Maneno hayo yatakuwa kweli kabisa, na hayana thamani yoyote. Afisa anayejua kazi atampata kupitia mwalimu, au muuguzi wa kliniki, siku nyingine, bila msafara.

Suala la mkalimani na mwenyeji wa kumwongoza afisa lina uzito zaidi Garsen kuliko mahali pengi, na sababu inajulikana. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikaja Kilelengwani, ambapo polisi tisa walikuwa miongoni mwa waliouawa. Desemba ikaja Kipao. Kwa jumla zaidi ya watu 100, na maelfu wakahama. Watoto waliobaki walichukuliwa na mashangazi, majirani, watu wa msikitini na kanisani. Ukimpeleka mtu wa jamii moja kukagua malezi ya jamii nyingine baada ya hapo, hata akiwa malaika, anayekaguliwa anamwona nani? Kila swali linasikika kama ushahidi unaokusanywa. Kwa hiyo tathmini ya Garsen inahitaji pia kuuliza: nani alikuwepo wakati haya yakisemwa? Ripoti isiyoandika jina la cheo cha mkalimani na uhusiano wake na familia ina shimo, na wakili yeyote makini angeliona.

Kuna jambo jingine linalonikera, na sijaona likizungumzwa jukwaani.

Mwaka 2004 serikali ilianza majaribio ya kutoa fedha kwa kaya zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, Kwale na Garissa zikiwemo. Mpango ukakua, leo uko chini ya jina la Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi zinapofika kwa wakati. Kwa miaka mingi aliyeusimamia ni ile ile idara ya watoto. Ili uingie, kaya yako lazima ionekane maskini: paa la makuti, hakuna mifugo, mlezi ni mzee au mgonjwa, watoto ni wengi.

Unaona mtego? Bibi mmoja, nyumba moja, paa moja la makuti. Jumatatu anakuja mtu na fomu ambayo umaskini wake unampa alama za kusaidiwa. Alhamisi anakuja mtu, labda wa ofisi ile ile, na fomu ambayo umaskini wake unaweza kuonekana kama hatari kwa mjukuu. Bibi afanye nini, aonyeshe sufuria tupu au aifiche? Watu wa mto si wajinga. Wanajifunza haraka kumjibu kila mgeni kwa fomu aliyoishika. Halafu sisi tunakaa mtandaoni kulalamika kwamba "jamii haitoi ushirikiano."

Umoja wa Mataifa ulilisema wazi mwaka 2009 katika Miongozo ya Malezi Mbadala: umaskini wa mali peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, uwe ishara kwamba familia inahitaji msaada. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wameoana au hawajaoana. Hilo la mwisho limebadilisha tathmini kimyakimya. Sheria ya 2001 ilikuwa imemwekea mama asiyeolewa mzigo wa kwanza, kwa hiyo aliyehojiwa ni mama, aliyelaumiwa ni mama, na baba akabaki jina kwenye mstari. Sasa baba naye ana maswali ya kujibu. Mpateni tu.

Kisha Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo. Kwa Tana River nadhani neno lenye uzito zaidi mle ndani ni kafaalah. Kwa mara ya kwanza sheria yetu ya watoto ikatambua malezi ambayo Waislamu wa mto huu na pwani nzima wameyajua siku zote: unamchukua mtoto, unamlea kama wako, anabaki na jina la ukoo wake. Kabla ya hapo afisa alikuwa na visanduku vya kulea kwa muda na kuasili, na mtoto aliyelelewa na mke wa ami yake kwa miaka saba hakuingia vizuri katika chochote. Sasa ana kisanduku. Ila kutambuliwa kuna upande wa pili: malezi yanayotambuliwa na sheria hukaguliwa pia. Kuna watoto "waliochukuliwa kulelewa" ambao ni vijakazi tu, na kila mmoja wetu anajua nyumba ya namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 2022 ukaja mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto makao na kuwarudisha katika familia. Kenya ina makumi ya maelfu ya watoto katika makao, na wengi wao wana ndugu walio hai. Turudi Freretown kidogo: makao yaliyobuniwa kwa mtoto asiye na mtu yamejaa watoto wenye watu. Kuwarudisha ni sawa, lakini kila anayerudishwa anahitaji tathmini mpya ya nyumba anayorudi, na ziara za baadaye, kwa miezi. Mtoto akitoka makao ya Malindi kurudi kwa babu yake huku Ozi, kuna mtu lazima apande mashua aende kumwona. Na si mara moja.

Mtu huyo ni nani? Kaunti ndogo kuwa na afisa mmoja au wawili si jambo la ajabu nchini. Wanasaidiwa na wajitoleaji wa ulinzi wa watoto vijijini, ambao ndio wanaojua nani kalala wapi, na ambao mara nyingi hulipa bodaboda kutoka mfukoni. Kuna namba 116 ya bure ya kuripoti. Kuna mfumo wa kompyuta wa kuweka kumbukumbu za kesi. Kuna mahakama Garsen, hadi Mahakama Kuu. Kinachokosekana ni kile kipande cha kati, siku tatu za afisa kwenda, kukaa, kurudi tena bila msafara.

La mwisho, kwa wale mtakaosikiliza ahadi. Maafisa wa watoto ni waajiriwa wa serikali ya kitaifa. Kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba, imepewa elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Anayegombea kiti cha kaunti akiahidi kuongeza maafisa wa watoto anaahidi bajeti ambayo haiko mkononi mwake. Anayegombea ubunge ndiye anayeipigia kura bajeti hiyo, pamoja na mafuta ya ile mashua ya Ozi.